Canter imepinduka na mimi, mguu una antena, bosi anasema bima haimhusu dereva. Nina haki gani?

Dereva wa Kizota

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa nimelala chali, simu iko juu ya kifua, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Mimi ni dereva wa Canter hapa Dodoma. Nilikuwa napandisha mzigo wa mabati kutoka Dar kwenda dukani kwa bosi wangu, usiku. Nimepita Dumila, nimepita Magubike, nakaribia Gairo, tairi la mbele kushoto likapasuka. Canter ikiwa imeshiba mzigo na tairi la mbele likaondoka, usukani haukusikilizi tena. Ikanivuta kushoto, ikaacha lami, ikapiga ukingo wa mtaro, ikalala ubavu kisha ikageuka matairi juu. Hakuna gari lingine lililohusika, wala mtu wa barabarani aliyeguswa. Ni mimi na utingo wangu tu. Kabini ilibonyea upande wangu. Wananchi wakakunja mlango kwa nondo wakanitoa, huku wengine wakihesabu mabati. (Siwalaumu sana, maana walionitoa na waliobeba mabati ni haohao.)

Utingo ameumia mbavu na mkono. Mimi mtulinga umevunjika, na muundi wa kulia ulivunjika ukatoboa ngozi, ndiyo maana nimefungwa antena. Kwa ambaye hajaiona: ni vyuma vinavyoingia kwenye mfupa kutoka nje, halafu fito moja inaviunganisha pembeni ya mguu. Mke wangu anavisafisha kila asubuhi kwa pamba na maji ya chumvi, kimoja kimoja. Kile cha chini karibu na kifundo ndicho kinachotoa majimaji, na ndicho daktari anachokiangalia kwanza kila nikienda kliniki.

Sasa habari yenyewe. Bosi alilipa bili ya mwanzo, hilo nashukuru. Baadaye akanitumia ujumbe: "Bima ya gari ni ndogo, haimlipi dereva. Na mimi nimepata hasara ya gari na mzigo, tutaangalia." Juzi mhasibu wa duka kanipigia kwamba mshahara wangu utaanza kukatwa kufidia mabati yaliyopotea. Trafiki aliyepima ajali alinikuta wodini akasema inaonekana ni mwendokasi. Mimi nasema ni tairi. Lilikuwa kipara, na kabla sijaondoka Dodoma nilimtumia bosi picha yake WhatsApp. Akanijibu kwa sauti: "Piga nalo safari hii, ukirudi tunabadilisha."

Mkataba wa maandishi sina. Niko naye tangu 2021, mshahara 400,000 kwa mwezi unaingia kwa M-Pesa, posho ya safari napewa mkononi. Kadi ya bima ya afya sina.

Kuna bima yoyote inayonihusu hapo, au ndiyo nimeumia bure? Na hilo la kukatwa mshahara ni halali?

---

Mtu wa Nane Nane

Pole sana mkuu, Mungu akunyanyue. Ukweli mchungu ni kwamba bima ndogo hailipi dereva. Sahau. Tafuta namna ya kuongea na bosi kistaarabu akusaidie, hawa matajiri ukiwabana wanakaza.

---

Bi Madai

Pole mwanangu. Mimi nimekaa dawati la madai ya magari kwenye makampuni ya bima mpaka nikastaafu, na hadithi yako nimeisoma kwenye mafaili mara nyingi, majina tu ndiyo yalikuwa yanabadilika.

Bosi wako hakudanganya kuhusu bima ya gari. Ile bima ndogo inatokana na Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, nayo imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu. Mwenye gari na kampuni ya bima ndio wawili wenye mkataba. Anayeumizwa na hilo gari ndiye wa tatu: mpita njia, mwenye bodaboda, abiria wa daladala. Wewe uliyeshika usukani ndiye ambaye huyo wa tatu angekudai, na huwezi kujidai mwenyewe. Lingekuwepo lori lililokufuata upande wako, tungeifuata bima ya lori. Gari likipinduka peke yake, hakuna wa kumfuata. Kwa hiyo usipoteze nauli kwenda kugombana na kampuni ya bima.

Ila bosi wako kakueleza nusu ya habari. Hiyo ni ajali ya kazini. Ulikuwa kwenye gari lake, na mzigo wake, kwa safari aliyokutuma yeye. Hapo panaingia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Umeundwa na sheria ya 2008, na michango ikaanza 2015. Kila mwajiri Tanzania Bara anatakiwa kujisajili na kuchangia, awe na kiwanda au awe na duka la mabati na Canter moja. Mchango wote anatoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi. Kiwango cha sasa ni nusu ya asilimia ya mshahara, kwa hiyo kwa mshahara wako ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Sahani ya chipsi kavu.

Na WCF hawaanzi na swali la nani mwenye kosa, kama sisi wa bima ya magari tulivyozoea. Wanataka kujua: ni mfanyakazi? Aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi? Hata ukisinzia kidogo ukaacha barabara, bado unalipwa. Kinachoharibu ni ukaidi wa makusudi, mfano kuendesha ukiwa umelewa.

Unachoweza kupata ni matibabu, pamoja na hayo ya kuja kutolewa antena na mazoezi ya viungo. Kipindi hiki ambacho huwezi kufanya kazi ni asilimia 70 ya mshahara, yaani kwako 280,000 kwa mwezi. Na mguu ukipona vibaya, ukabaki mfupi au goti halikunji, unafanyiwa tathmini ya ulemavu wa kudumu, unalipwa kulingana na asilimia itakayopatikana. Hiyo ya mwisho watu wengi wanaiacha. Wakishatupa magongo wanaona yameisha, kumbe tathmini ndiyo ilikuwa inaanza.

Utaratibu: wewe unamtaarifu mwajiri, mwajiri anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku 7 tangu ajue. Akikaa kimya nenda mwenyewe, au mtume mkeo, ofisi ya WCF hapo hapo Dodoma. Usikae zaidi ya miezi 12 tangu ajali, baada ya hapo unaanza kuombea huruma.

---

Dereva wa Kizota

Shikamoo Bi Madai. Umenipa usingizi leo. Lakini mbili zinanitatiza. Kwanza, sina hakika kama amejisajili huko, na akisema mimi si mfanyakazi wake, ni kijana tu anayemsaidia gari? Maana karatasi sina. Pili, huyu trafiki na mwendokasi wake.

---

Bi Madai

Marahaba. Kujisajili ni wajibu wake yeye, si wako. Asipojisajili, kosa ni lake na Mfuko una njia zake za kumbana. Wewe peleka taarifa, mengine waachie.

La pili ndilo nakuomba ulifanyie kazi kabla ya mengine yote. Kuna fomu tatu za polisi. PF3, ile ya matibabu, umeshajaziwa hospitali. Piga picha kurasa zote kabla hujairudisha. PF90 ni taarifa ya awali ya ajali. PF115 ni taarifa ya mwisho baada ya upelelezi, na hiyo ndiyo yenye sentensi moja inayosema chanzo cha ajali. Katikati yake kuna ukaguzi wa gari: mkaguzi anaangalia breki, usukani, matairi. Hilo tairi liko wapi sasa hivi? Kama Canter bado iko kituoni, mtume mtu akalipige picha, upande ulioliwa na namba zilizoandikwa ubavuni, kabla halijabadilishwa. Nimewahi kuona gari linafika kwa mkaguzi likiwa na tairi jipya mbele kushoto. Lilipinduka, halafu likavaa kiatu kipya.

Ile sauti ya WhatsApp usiifute, wala usibadilishe simu bila kuihifadhi. Mtumie mkeo, mtumie na mdogo wako. Mpelelezi akija kuandika maelezo yako, mwambie unayo na umsikilizishe.

Na wakikuambia "lipa faini ya papo kwa papo ya kuendesha bila uangalifu, faili lifungwe", elewa kwamba unakiri kosa. Kwa WCF haitakuangusha. Lakini siku ukitaka kumdai bosi kwa uzembe wa kukupa gari lenye kipara, wakili wake ataitoa hiyo risiti mfukoni.

---

Karani wa Ajira

Naongezea pale alipoachia Bi Madai, upande wa ajira, maana hayo ya bima si fani yangu.

Kukosa mkataba wa maandishi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, imeweka vigezo, na kikithibitika hata kimoja unahesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka mwenye kupinga athibitishe vinginevyo. Anakupangia namna na muda wa kufanya kazi? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita? Unamtegemea yeye kiuchumi? Kitendea kazi ni chake? Wewe unavyo karibu vyote. Canter ni yake, safari anapanga yeye.

Ushahidi wako uko M-Pesa. Omba taarifa ya miamala ya nyuma kadiri inavyopatikana, upige mstari kila mwezi ulipoingia mshahara kutoka namba yake au ya mhasibu. Hiyo pia itakusaidia kwenye kiwango. Nimeona mwajiri anaandika mshahara wa 150,000 kwenye fomu wakati mtu analipwa mara tatu yake, na fidia inapigwa kutokana na kilichoandikwa. Kwa hiyo taarifa ya miamala iende pamoja na fomu, usisubiri mpaka uone kiasi kimepungua.

Kukatwa mshahara: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 28. Mwajiri hawezi tu kuamka akakata kufidia hasara. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, wewe ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mabati yaliyobebwa na wananchi wakati wewe umebanwa kwenye kabini ni kosa lako lipi? Mjibu mhasibu kwa ujumbe mfupi wa maandishi: "Sikubaliani na makato hayo." Basi. Usitukane, usieleze sana.

Akikuachisha kazi kwa sababu ya haya, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa kufungua mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hizo siku 30 zimeua kesi nyingi nzuri.

---

Scania Usiku

Kaka pole. Mimi ni dereva wa semi, yalinikuta njia ya Tunduma. Nikwambie kitu ambacho wataalamu hawajakigusa: karatasi.

Nikiwa nimelala wodini, akaja meneja wa tajiri na bahasha ya 500,000 na karatasi iliyochapwa vizuri. Ananisomea sehemu ya pole, sehemu ya "tunakutakia afya njema". Mstari wa chini kabisa ulisema nimepokea malipo kamili na ya mwisho na sitadai chochote, na kwamba nilikuwa naendesha gari kwa shughuli zangu binafsi. Shughuli zangu binafsi, na semi ina tani 28 za saruji! Dada yangu muuguzi ndiye aliyeusoma. Pesa nilichukua kama msaada, yule meneja nikamwambia mkono unaniuma, siwezi kushika kalamu. Mkono haukuwa na tatizo lolote.

Kwa hiyo yeyote akija na kalamu, mkono unauma.

---

Mtu wa Nane Nane

Scania umenichekesha ila ni kweli.

Lakini jamani tuwe wakweli na maisha. Dodoma wafanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wanajuana wote. Jamaa akionekana kampeleka bosi wake serikalini, antena ikitoka nani atampa gari?

---

Bi Madai

Hilo ni swali la haki, na ndilo linalowafanya wengi wanyamaze. Lakini kwenda WCF si kumshtaki bosi. Fidia inatoka kwenye Mfuko, haitoki kwenye droo ya duka. Kama alikuwa anachangia, anachotakiwa ni kujaza fomu, na mzigo wa bili za hospitali unamtoka yeye. Mimi ningemwendea hivyo hivyo: "Bosi, kuna Mfuko unaolipa hizi gharama, nisaidie kujaza fomu nisiendelee kukusumbua." Ukimweleza hivyo, mwenye akili anaona ni unafuu kwake. Akikasirika, basi ujue hajasajili, na hasira yake ni ya malimbikizo ya michango, si yako.

La tairi kipara liweke akiba. Kwanza upone, fidia ianze kuingia, halafu ukae na wakili mwangalie kama kuna haja ya kulifufua. Usilipige vyote siku moja.

---

Mama Ivan IST

Samahani kuingilia. Mimi sina bosi, nina IST yangu, naendesha mwenyewe Dar–Morogoro kila wiki kufuata mboga. Nikipinduka peke yangu (Mungu apishe mbali) WCF hainihusu. Nina ile bima ya 118,000. Ina maana sina kitu?

---

Bi Madai

Mama Ivan, kwa mwili wako na gari lako, ndiyo, huna kitu. Hiyo ni bima ndogo: laki moja na VAT yake, inawalinda wengine dhidi yako.

Ungekuwa na bima kubwa, gari lingetengenezwa au ungelipwa thamani yake ukitoa kile kiasi unachobeba mwenyewe. Lakini sikia hapa, maana watu wanachanganya. Bima kubwa ni ya gari. Mwili wako unaingia tu kama kuna kipengele cha ajali binafsi au cha gharama za matibabu, na mara nyingi kiasi chake ni kidogo, cha kukutoa barabarani na kukufikisha hospitali. Fungua mkataba wako, tafuta ukurasa wenye jina lako na namba za gari, hapo pameandikwa vipengele na viwango. Kama hakipo, hakipo, hata wakala alisema nini.

Kwa mtu anayejiajiri kama wewe kuna vitu viwili tofauti. Bima ya afya inalipa hospitali. Bima ya ajali binafsi unainunua peke yake, haina uhusiano na gari, na inakulipa wewe kiasi mlichokubaliana ukipata ulemavu, na wengine huweka malipo ya kila wiki ukiwa umelala. Uliza hilo la wiki kwanza, kwa mtu wa mboga ndilo lenye maana. Stika yako nayo ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, nimeona watu wanatembea na bima ya rangi tu.

Na kampuni ikikuzungusha kwenye dai, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Haihitaji wakili.

---

Dereva wa Kizota

Wakuu, nimerudi. Kijana wangu alikwenda kituoni Gairo. Canter bado ipo, tairi lipo, limechanika pembeni na katikati ni laini kabisa. Kapiga picha na namba zote. Nakala ya PF90 amepewa. Sehemu ya chanzo imeandikwa "inachunguzwa", mwendokasi haujaandikwa.

Bosi nimemwambia kama Bi Madai alivyoelekeza, kwamba nataka anisaidie fomu ili nisimsumbue. Kanyamaza kidogo, akaniuliza "nani kakwambia mambo hayo?" Nikamjibu ni mtandaoni. Akasema atamuuliza mhasibu. Mhasibu kanipigia jioni akiwa mpole kweli, anataka namba yangu ya NIDA na tarehe ya ajali, na la mabati hakuligusa. Kwa hiyo sijui wamesajili leo au walikuwepo, ila fomu inajazwa. Kwenye mshahara ameniuliza "tuweke ngapi?" Nikamtumia taarifa ya M-Pesa.

Bi Madai, swali la mwisho. Utingo wangu anauliza kama na yeye anaingia kwenye fomu yangu, au anadai bima ya gari kama abiria. Yeye alikuwa analipwa na bosi kwa safari, si kwa mwezi.

---

Bi Madai

Asihesabiwe abiria. Alikuwa kazini kama wewe, kapandishwa kwenye gari na mwajiri yuleyule kwa kazi ileile, na bima ndogo hailazimiki kumbeba mfanyakazi wa mwenye gari aliyeumia kazini. Naye ni wa WCF. Kulipwa kwa safari hakumwondoi, ila atahitaji ushahidi wa hizo safari: ujumbe wa bosi wa kumwita, miamala, hata mpakiaji wa Dar anayemfahamu.

Taarifa yake iwe peke yake, na PF3 yake, na jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwambie apigwe tena X-ray ya mbavu kabla hajaambiwa amepona.